Mwaka wa Tembe la Zege

Mama Ndahani tulimzika Ipagala Jumanne iliyopita, jua likiwa limeanza kulegea. Waombolezaji wengi walikuwa majirani wapya, watumishi waliohamia na serikali, na walimfahamu kama bibi wa nyumba ya kona aliyewapa watoto zabibu juu ya ukuta. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mjane mvumilivu. Hakusema alikuwa mjane wa nani, kwa sababu hakujua. Nilikaa miongoni mwa wanawake, khanga kichwani, nikawasikia wawili nyuma yangu wakiulizana kama mumewe alikuwa mwalimu au mtu wa reli. Mmoja akasema amesikia alikuwa mcheza ngoma. Sikugeuka. Msibani watu huachwa waseme. Lakini bajaji iliyonirudisha ilipokaribia katikati ya mji nilimwomba dereva anizungushe kupitia ukumbi wa zamani wa maonyesho, nao bado upo, umepakwa rangi nyeupe, umewekewa milango ya vioo na mashine za ubaridi ukutani. Dereva aliniambia hapo ni pa semina. Nikamwambia zamani palikuwa pa michezo ya kuigiza, akasema, “Kumbe,” kwa adabu, akaendelea na safari.

Sisi tuliuita Tembe. Lilikuwa jengo la zege tupu, lisilo na rangi, pana, limelala chini na bapa juu kama nyumba za Wagogo, ila kubwa mno. Aliyelichora hatukumjua, alikwisha kuondoka kabla sijafika mjini. Ndugu Kassim, mwongozaji wetu, alisimulia kwamba mtu yule alitembea vijijini wiki nyingi akitazama matembe, akapenda yanavyojiinamisha ili upepo upite juu yake. Wazee waliotoka Mlali kuja sokoni Majengo waliingia kulishangaa, wakatazama paa, wakauliza udongo wake uko wapi. Mbele lilisimama juu ya nguzo, na chini ya nguzo hizo palikuwa na uwazi ambapo watu walijikinga jua wakila karanga. Ukuta wa upande wa upepo ulikuwa wa matofali ya matundu, hivi kwamba asubuhi sakafu ya ukumbi ilijaa vipande vidogo vya mwanga, na mwezi wa saba, baridi ya Dodoma inapouma, upepo ulipita kwenye yale matundu ukilia kama mtu anayepuliza chupa. Dari juu ya viti ilikuwa ya zege pia, imepinda kama kibuyu kilichopasuliwa kwa urefu ukakitazama kwa ndani, na ukiinua macho uliona alama za mbao zilizotumika kulimwagia zege lile, hadi vifundo vya mti. Juu ya jukwaa mchoraji aliacha mwanya mrefu wa kioo, na jua la alasiri lilishuka hapo moja kwa moja juu ya waigizaji. Umeme haukuaminika miaka ile, kwa hiyo maonyesho yetu yalikuwa alasiri, na taa yetu kubwa ilikuwa jua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliajiriwa kupiga chapa maandishi ya kikundi cha sanaa cha mji, na kwa kuwa nilikwisha kuyapiga mara nyingi kiasi cha kuyajua, Ndugu Kassim akanifanya mkumbushaji, yaani mtu wa kukaa pembeni na karatasi, mwigizaji akikwama amnong'oneze neno. Sikuwa na ndoto ya jukwaa. Niliogopa kutazamwa. Kazi ya kuwepo bila kuonekana ilinifaa, na hadi leo naamini kuna watu tulioumbwa kwa kazi hiyo, wala si unyonge.

Chumba cha kubadilishia mavazi kilikuwa chini ya jukwaa, nusu yake imezama ardhini, na dirisha lake lilikuwa mwanya mwembamba uliolingana na ardhi ya nje, kwa hiyo tuliona miguu tu ikipita: viatu vya watumishi, ndala, kwato za mbuzi waliomtoroka mwenyewe. Kulikuwa na ubaridi mzuri humo hata mwezi wa kumi, vumbi jekundu la mji linapopanda hadi kwenye kope. Hapo ndipo nilipokula chakula cha mchana mwaka ule wote, kwa sababu Mama Ndahani alikileta. Alitoka Ipagala kwa miguu, na Ipagala ya wakati ule ilikuwa mashamba na nyumba moja moja, akiwa na kikapu kichwani: ugali wa uwele uliofungwa kwenye kitambaa, mlenda wenye karanga, siku nyingine maziwa mgando. Alimletea mumewe, lakini aliponiona siku ya kwanza nimekaa na andazi langu pembeni, aliniambia tu ninawe mikono. Tangu siku ile kikapu kilikuwa cha watu watatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayekula taratibu akitazama miguu inayopita dirishani, na mara nyingine akisema, bila kugeuka, “Huyo viatu vinambana.”

Mumewe, Mzee Elieza Ndahani, alikuwa mwigizaji wetu mkuu. Ujana wake wote alikuwa karani wa stesheni, na ni yeye aliyewatangazia abiria treni, kabla ya kustaafu na kujiunga na kikundi. Alikuwa na sauti ambayo haikupanda juu, bali ilienda mbali. Watu wa Dodoma walioisikia stesheni walilipa kiingilio kuja kuisikia tena. Mimi alinifundisha kuamkia. Nilipomwambia shikamoo haraka haraka, kama vijana wanavyofanya, alininyamazia hadi niirudie vizuri, ndipo akajibu, “Marahaba, mwanangu,” na lile neno la pili lilinikaa siku nzima.

Mwaka ule Ndugu Kassim aliandika mchezo kwa ajili yake. Ulikuwa wa mfugaji mzee aliyefiwa na mke katika mwaka wa ukame, akabaki na ng'ombe wachache, akawa anawauza mmoja mmoja ili majirani wasife njaa. Mwishoni anakwenda kaburini kwa mkewe kumweleza amefanya nini na mali yao. Maneno yale ya kaburini yalikuwa marefu, karibu ukurasa mzima na nusu, na nilipoyapiga chapa mara ya kwanza ilibidi nisimame nikanywe maji.

Mazoezi yalipoanza niliona kitu. Mzee Ndahani alikuwa akisahau, na hakusahau kama wengine. Mwigizaji wa kawaida akikwama hukasirika, hupiga kidole, hukutazama umpe neno. Yeye alinyamaza tu na uso wake ukawa mpole, kama mtu aliyefika mahali asipopajua na anasubiri mwenyeji atoke. Nikimpa neno, aliendelea vizuri kabisa, kisha baada ya sentensi chache akafika tena mahali pale pageni. Siku moja chini ya jukwaa alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kukunja uso. Mama Ndahani aliona. Mimi nikaona kwamba ameona. Alikusanya vyombo, na mumewe alipopanda juu kwa mazoezi aliniambia yale ambayo nadhani hakuwa amemwambia mtu mwingine. Wiki iliyotangulia Mzee alipotea njia ya kurudi nyumbani, njia aliyoipita miaka yote. Alikutwa na wachunga mbuzi ng'ambo ya korongo, amekaa juu ya jiwe, hana wasiwasi. Hospitali waliwaambia ni uzee umekuja mapema, hauna dawa. Alisema hayo kwa sauti ile ile ya kusema viatu vinambana. Kisha akanishika kifundo cha mkono.

“Perisi, mwanangu, nisaidie aumalize mchezo huu. Baada ya hapo nitamchukua nyumbani, ni wangu. Lakini huu aumalize.”

Nikamwambia nitamsaidia. Alinionyesha namna. Nyumbani, alisema, ukimpa jina la kitu halikai. Ukimpa namna sauti inavyoanza, inavyopanda, mwenyewe huifuata, kama mtu anayekumbushwa wimbo. Basi tukaanza kukaa pamoja mchana, sisi watatu, baada ya kula, nikisoma sentensi kwa kunong'ona na Mzee akiifuata kwa sauti yake, mara nyingi, bila haraka. Aliyapenda mazoezi yale ya chumbani kuliko ya jukwaani. Mara nyingine aliniuliza haya maneno ameyaandika nani, nikamwambia Ndugu Kassim, akasema, “Kijana anajua kulia huyu.” Kesho yake akaniuliza tena, akanipa jibu lile lile. Sikuchoka kulisikia.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa wasiwasi kwa kikundi. Katika kile chumba cha chini kulikuwa na tundu la hewa lililopanda hadi kwenye ofisi ndogo ya mwongozaji, na maneno ya ofisini yalishuka humo kama maji kwenye bomba. Niliwasikia Ndugu Kassim na afisa mmoja aliyesimamia ukumbi. Afisa alizungumza kwa upole. Alisema watu wamepungua, na ukumbi unatakiwa kwa mikutano. Mchezo huu ukivuta watu, kikundi kitaendelea kuutumia ukumbi, usipovuta, haitakuwa rahisi kuutetea. Kisha akasema amesikia mzee anayumba, na kuna kijana hodari aliyemaliza chuo, kwa nini asipewe yeye nafasi, apakwe mvi. Ndugu Kassim akasema atatazama.

Siku iliyofuata aliniita. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye desturi ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito, na aliivua. Aliniuliza, “Dada Perisi, mzee anasahau?”

Ningeweza kumdanganya, na nadhani alitamani kidogo nimdanganye. Nilimwambia, “Anasahau. Lakini mimi sisahau.”

Akavaa miwani yake. Hakusema zaidi, na jina la yule kijana halikutajwa tena mbele yangu. Nimewahi kufanya kazi baadaye chini ya wakubwa wengi, wengine wasomi sana, na nikipima uongozi wao huwa naukumbuka ule ukimya wa Ndugu Kassim. Aliweka riziki ya kikundi kizima juu ya mzee anayesahau na binti anayeogopa kutazamwa, akaenda kunywa kahawa.

Kwenye mazoezi nilikaa kwenye kiti pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia. Lakini mchoraji wa Tembe alikuwa ametengeneza mahali maalumu pa mkumbushaji, shimo dogo la zege mbele ya jukwaa, lenye kibanda kilichopinda kuelekea kwa waigizaji ili watazamaji wasimwone aliyemo. Shimo lile lilikuwa limefunikwa mbao kwa miaka, limejaa vumbi na mabaki ya pazia kuukuu. Kwa kuwa maneno ya kaburini yalisemwa katikati ya jukwaa, mbali na pazia, Ndugu Kassim aliagiza lifunguliwe na kusafishwa. Lilikuwa tayari asubuhi ya onyesho lenyewe. Hatukupata nafasi ya kulijaribu. Niliingia humo alasiri ile na karatasi zangu, magoti yakigusa ukuta, zege likinipa ubaridi mgongoni, na mbele ya macho yangu hapakuwa na kitu ila ubao wa jukwaa na miguu ya Mzee Ndahani.

Watu walijaa. Nilisikia viti vikikunjuliwa hadi juu nyuma, wanafunzi, watumishi na wake zao, wafanyabiashara wa Majengo waliofunga vibanda mapema, na kundi la wazee waliokuja kwa ajili ya ile sauti ya stesheni. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Nilimpa maneno machache tu. Jua lilikuwa linasogea kwenye kioo cha juu, na ilipofika sehemu ya kaburini mwanga ulikuwa umelala pale pale alipotakiwa kupiga magoti, rangi ya asali. Akapiga magoti. Akafungua kinywa, uso wake ukawa mpole.

Hakukuwa na neno hata moja. Yote yalikuwa yameondoka.

Nikanong'ona sentensi ya kwanza, namna inavyoanza, namna inavyopanda. Akaisema. Nikanong'ona ya pili, akaisema. Nikaelewa kwamba tutakwenda hivi hadi mwisho, ukurasa mzima na nusu, na nikaacha kuogopa kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuogopa. “Nimemuuza yule mweupe uliyempenda.” Naye, kwa sauti yake iendayo mbali, “Nimemuuza yule mweupe uliyempenda.” “Watoto wa jirani wamekunywa uji.” Akasema watoto wa jirani wamekunywa uji. “Nyumba yetu haitoi moshi jioni, nikitoka malishoni nairuka, nafika kwa watu.” Akasema. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tena maishani, hata kanisani. Alipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Kisha wakapiga, na nikasikia wanawake wengine wanalia kwa sauti, na mimi ndani ya shimo langu nikashukuru Mungu kwamba hakuna aliyejua.

Ndugu Kassim ndiye aliyenieleza, akiwa amechuchumaa juu ya shimo, miwani mkononi. Alikuwa amekaa mstari wa mwisho kabisa. Kibanda cha shimo kilirusha sauti yangu juu, dari ile iliyopinda ikaipokea na kuishusha nyuma, na kila mtu katika ukumbi ule alisikia kila neno nililonong'ona, waziwazi, kabla Mzee Ndahani hajalisema. Kama mchoraji alikosea hesabu, au labda alitaka hivyo kwa sababu zake, hatukujua kamwe. Nilianza kuomba radhi. Akaniambia ninyamaze, nitoke nisikilize watu wanasema nini.

Chini ya nguzo, watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi, hawataki kwenda. Walikuwa wakizungumza juu ya mke. Walisema marehemu mke wa mfugaji alisema kutoka kaburini. Kwamba yeye ndiye aliyempa mumewe maneno, kwa sababu mume, kwa huzuni, hakuwa nayo. Mzee mmoja mwenye fimbo alisema ndivyo ilivyo, aliyekufa ndiye anayejua. Mwanamke mmoja aliuliza yule binti wa sauti yuko wapi, mbona hakutoka kuinama mbele ya watu. Nilipita katikati yao nikiwa na karatasi zangu kifuani, na hakuna aliyenitambua.

Kuanzia hapo hatukubadilisha kitu. Mchezo uliendelea msimu mzima, watu wakaja kutoka Kongwa na Mpwapwa, wengine mara mbili, na afisa yule akaja na familia yake. Mzee Ndahani aliendelea kusahau zaidi, na kadiri alivyosahau ndivyo ile sehemu ilivyozidi kuwa nzito, kwa sababu alianza kusubiri sauti kwa kweli, kichwa kimeinama, kama mtu anayemsikiliza anayempenda. Sikujua wakati ule kama ni haki kumwacha mtu atazamwe akiwa katika hali ile. Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Ninachokumbuka ni kwamba alitoka jukwaani kila mara akiwa na furaha ya mtu aliyefika safari yake, akala ugali wake chini kwa hamu. Baada ya onyesho la mwisho, mvua za kwanza zilipoanza kupiga zege, alisimama chini ya nguzo akatazama juu, akamuuliza mkewe hii nyumba kubwa ni ya nani. Mama Ndahani alimwambia ni ya watu wote. Akasema ni nzuri, wakaondoka wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo wazee wa kwetu hawakulifanya hadharani.

Mwisho wa mwaka nilipata uhamisho kwenda Singida, ofisi ya ukatibu, kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Kabla ya kuondoka nilikwenda Ipagala kuaga. Nilimkuta Mzee amekaa uani chini ya chanja ya mizabibu, ameoga, shati limenyooshwa. Nikamwamkia taratibu, kama alivyonifundisha. Akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni binti wa nani na nimetoka wapi, na kama nimekula. Hakunijua. Alinikaribisha kama unavyomkaribisha mgeni wa heshima, akanisogezea kigoda chake mwenyewe, na tulipokuwa tunakula alinieleza kwamba mizabibu haitaki maji mengi, inataka kukatwa kwa wakati. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake nilikula nikashiba, kwa sababu alikuwa mwenyeji mzuri.

Mama Ndahani alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia nasikitika kwamba Mzee hakumbuki chochote cha mwaka ule, kazi yote ile, makofi yote. Akasimama, akaweka sawa khanga yake.

“Mimi nilikaa mle ndani kila onyesho,” alisema. “Nyuma kabisa. Yeye atakufa kabla yangu, au atakuwa hai na hanijui. Siku yangu ikifika hatakuwepo wa kunililia kama mume anavyomlilia mke. Sasa mimi nimekaa pale, mzima, nimeshiba, nikamsikia akinililia, na watu wote kimya. Wanawake wangapi wamepata hilo?”

Alinipa kifurushi cha karanga za njiani, akaniambia niandike nikifika. Kisha akageuka akarudi kwa mumewe, hatua zake ndefu, vumbi likiinuka kidogo nyuma ya visigino, nami nikasimama pale hadi alipoingia uani na kufunga lango.